Mdiria Namba Saba

Siku tuliyofungua maboksi ya Kantibhai tulikuwa watu sita, na nitawataja wote, maana mtu anayesimulia bila ya kutaja majina huyo anasimulia ndoto. Alikuwepo Savitaben, mke wa marehemu, amekaa kwenye kiti cha magurudumu, kichwa chake kizima kuliko magoti yake. Alikuwepo Nilesh, mwanawe, ndiye aliyetupigia simu akatwambia njooni, baba ameacha vitu ambavyo sisi hatujui thamani yake. Alikuwepo Peggy, Muairishi, niliyefanya naye kazi kwenye dobi la hospitali, amekuja na mkongojo wake kutoka Kilburn ile ile ambayo sisi wengine tumeihama. Alikuwepo Maimuna, mwanangu, ambaye siku hizi mvi zake zaonekana kuliko zangu kwa sababu mimi natia hina. Alikuwepo Layla, binti yake Maimuna, anayefahamu kila neno la Kiswahili ninalosema na hunijibu kwa Kiingereza. Na mimi, Rukia. Aliyekosekana ni Bwana Alfred, lakini huyo tulimzika zamani, siku ya mvua, na Kantibhai ndiye aliyemshikia padri mwavuli.

Maboksi yenyewe yalikuwa ya viatu na mabati ya biskuti, na ndani yake mlikuwa na kadi za chai. Kwa asiyezijua: zamani ukinunua pakiti ya majani ya chai hapa Uingereza, ndani yake unakuta kadi ndogo, upana wake kama vidole vitatu. Upande mmoja ina picha ya rangi, upande wa pili ina namba na maelezo. Mara huwa ndege, mara vipepeo, mara meli. Ukizipata zote hamsini unazibandika kwenye kitabu chake, ukutane na wenzio, ujisifu. Walikuwa wakizikusanya watoto, lakini watu wazima nao walikuwamo, na baadhi ya watu wazima walikuwa wabaya kuliko watoto. Nilesh alizitandaza mezani, na Layla akaokota moja, ndege wa buluu mwenye kifua cha rangi ya chungwa na mdomo mrefu. Akauliza kwa Kiingereza chake, "Bibi, huyu siku hizi anauzwa bei gani?" Peggy akamjibu, "Muulize mama yako yeye alimuuza bei gani." Savitaben akacheka mpaka akashikwa na kikohozi. Maimuna hakucheka sana. Akasema, "Lo! Nyinyi watu hamsahau!" Hapo ndipo nilipojua kuwa Layla hajawahi kuhadithiwa mambo ya mwaka ule, na nikaona bora niyaandike wakati wapo bado wawili watatu wa kunikosoa.

Ulikuwa mwaka ule Waingereza walipoondosha shilingi zao za zamani wakaleta peni mpya, na kila mtu dukani anageuza geuza sarafu kama ameokota kitu barabarani. Mimi na mume wangu Salim tulikuwa tumepanga chumba kimoja Kilburn, juu kabisa, jiko liko kwenye ngazi na tunalishiriki na watu wa vyumba vingine viwili. Ukipika mchuzi wa pweza wa kopo, nyumba nzima inajua. Maimuna alikuwa Unguja kwa mama yangu. Vipi sisi tukawa huku na yeye akawa kule, hayo siyaelezi. Kila nyumba ya Mzanzibari hapa London ina hadithi yake hiyo, na zote zafanana. Linalotosha ni kuwa nilimwacha hajang'oka jino hata moja, na mwaka ule alikuwa ameshakuwa mtoto wa skuli, anamwandikia bibi yake barua za kutuletea sisi. Tulikuwa tunamngojea apewe karatasi ya kusafiri. Mchana na usiku nilikuwa na khofu mbili. Ya kwanza, kuwa hatopewa. Ya pili, kuwa atapewa, atakuja, na hatonijua.

Peggy ndiye aliyeniingiza kwenye kadi. Pale dobi, tukisha kukunja mashuka ya asubuhi, tulikuwa tunakaa chumba kidogo nyuma ya mashine, mvuke unatoka ukutani, tunakunywa chai. Peggy alikuwa na tabia ya kuibonyeza pakiti mpya kwa dole gumba kabla ya kuifungua, kama mtu anayepima embe. Siku moja zamu ya kupika chai ilikuwa yangu. Nikafungua pakiti, nikaiona kadi, nikaitupa kwenye pipa pamoja na karatasi. Peggy akaruka. "Unafanya nini, mwanamke wewe! Huyo ni bundi!" Nikamwambia, "Ndiyo maana nimemtupa. Kwetu bundi hatumpendi ndani ya nyumba." Akamtoa kwenye pipa, akampangusa kwa kanzu yake ya kazi, akaniambia, "Kama humpendi wewe, mpelekee yule msichana wako. Watoto wote wanapenda ndege." Nikafikiri. Barua zangu kwa Maimuna zilikuwa hazina kitu, maana zilikuwa zinafunguliwa njiani na sote tulijua, basi mtu huandiki ila salamu na baridi. Salamu na baridi, barua baada ya barua, mtoto atamjua vipi mama yake? Ndege angalau ni kitu cha kushika. Bundi sikumpeleka, nilimpeleka shomoro, yule tunayemwona mpaka kwenye paa za kwetu. Tokea hapo kila barua ilikwenda na ndege wake, na mimi nikawa nataka kila kadi ziwe mbili: moja ya kitabu changu, moja ya mwanangu. Nilivyopanga kichwani mwangu ni kuwa siku tutakayoonana tutafungua vitabu viwili, tutakuta ndege wale wale, na hapo tutakuwa na la kuzungumza.

Kadi zangu nilizitia kwenye bati la biskuti, na bati nikaliweka kwenye sanduku la nguo baina ya kanga, na baina ya kanga nilikuwa naweka vipande vya udi na maua ya viluwa vikavu alivyonipa mama. Sikufikiri chochote. Kitu ukikipenda unakitia harufu nzuri, ndivyo tulivyolelewa.

Jumapili Peggy alinipeleka Tooting, kwenye duka la Kantibhai. Nilipoingia nikasikia mtu anamgombeza mtu wa bohari kwenye simu kwa Kiswahili cha Unguja, cha mjini khasa, nikasimama mlangoni nikalia. Kantibhai akaweka simu chini. "Dada, umeumia?" Nikamwambia, "La. Umesema 'ebo'." Alikuwa na duka Mchangani, Unguja mjini, zamani, na mama yangu alikuwa akinunua kwake bizari. Nyuma ya duka kulikuwa na chumba cha akiba, magunia ya mchele yamepangwa mpaka dirishani, hita ya mafuta ya taa katikati, meza yenye kitambaa cha plastiki cha maua. Hapo ndipo walipokuwa wakikutana kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Savitaben analeta chai ya maziwa yenye tangawizi na sahani ya bhajia, lakini sharti sahani isiguse meza ya kadi. Inakaa juu ya gunia, na ukila unanawa kabla ya kurudi. Sheria hiyo aliiweka Bwana Alfred.

Bwana Alfred alikuwa kondakta wa basi aliyestaafu, amefiwa na mkewe, mrefu, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo. Kadi alikuwa akizishika kwa glavu nyeupe za pamba. Kubadilishana kwao kulikuwa hivi: kila mtu anaweka mbele ya mwenzake kadi zake zilizozidi, na mwenzake anazipitia moja moja, anasema, "Ninayo, ninayo, ninayo, sina." Ile ya "sina" inawekwa kando. Kisha wanakubaliana moja kwa moja, au mbili kwa moja kama ni ya tabu kupatikana. Hakuna kununua na hakuna kupeana bure. Mimi hilo la mwisho sikulijua. Jumapili ya pili nilikwenda na sahani ya vileja, nikampa Savitaben, na juu yake nikampa Bwana Alfred kadi ya korongo aliyokuwa hana. Nikamwambia chukua. Akaishika kwa mkono wa glavu, akainusa. Akainusa tena. Akaiweka chini.

"Misisi Salim," akasema, "kadi hii imeungua?"

"Haikuungua. Imefukizwa."

"Kwa nini?"

Nikamtazama Kantibhai, sikuwa na Kiingereza cha kuelezea. Kantibhai akamwambia, "Ni kwa heshima, Alfred. Kwao hata mgeni wanamfukiza." Bwana Alfred akasema, "Mimi simo katika kadi za kufukizwa." Peggy alikuwa mdomo umejaa bhajia, akasema, "Mimi yanikumbusha misa. Nataka nipige magoti." Basi korongo wangu akarudi kwangu. Savitaben akaniita pembeni, akanirudishia sahani yangu imejaa chevda, ule mchanganyiko wao wa dengu na karanga za kukaanga. "Usimjali," akaniambia. "Sahani yetu hairudi tupu, na yake pia hairudi tupu. Ila yeye anataka kila kitu kirudi saa ile ile, mezani, watu wakiona."

Hivyo ndivyo tulivyokuwa mpaka majira ya kuchipua. Namba moja mpaka namba sita Maimuna alikuwa nazo zote, na kuanzia nane kwenda mbele alikuwa nazo nyingi. Namba saba sikuwahi kumwona kwenye pakiti yoyote. Namba saba ni mdiria, yule wa buluu anayevua samaki. Kantibhai alikuwa naye mmoja, kabandikwa kitabuni, hatoki. Bwana Alfred alikuwa nao wawili, na kadi zangu hazitaki. Nami sikuwa na haraka. Nilisema, atapatikana tu.

Halafu barua zikakatika. Wa kwanza kuniletea khabari alikuwa Othman, kijana wa mtaani kwetu, anapita London kwenda masomoni. Nilimpikia wali wa nazi ya kopo na samaki wa kukaanga, Salim akamletea kiti, sisi tukakaa kitandani. Alikula sahani mbili kabla ya kusema kitu. Kisha akasema, "Bi Rukia, mtoto mzima, mama mzima. Lakini hao ndege wako wamezua mambo."

"Mambo gani?"

"Kuna bwana alikuja nyumbani kwenu. Wa ofisi gani sijui, usiniulize. Kaja na barua zako mkononi. Anataka kujua hizi picha zenye namba ni za nini. Kwa nini leo inakuja kumi na nne, kesho tisa, kesho kutwa thelathini. Nani anazipanga."

Salim akaweka kijiko chini. Othman akaendelea, na sasa alikuwa anacheka, maana yeye alihadithiwa kama kichekesho: "Mama yako akamwambia, 'Bwana wee, mimi hata kuku wangu nawahesabu, seuze ndege wa Ulaya?' Bwana hakucheka. Basi Maimuna akaenda akazileta zote, akazipanga sakafuni kwa namba zao, mbele ya viatu vya yule bwana. Moja, mbili, tatu, mpaka sita. Kisha nane. Bwana akauliza, 'Wa saba yuko wapi?' Maimuna akamwambia, 'Mama bado hajampata.' Akaandika."

"Aliandika nini?" nikauliza.

"Ah, Bi Rukia, mimi nitajuaje? Aliandika. Akasema atapita tena."

Othman akamaliza samaki wake, akaomba limau. Leo nikikumbuka namwona alikuwa mtoto, na mtoto hajui kuwa kicheko chake ni kisu kwa mwenzake. Salim aliniambia nisipeleke tena kadi, hata moja. Peggy aliniambia vivyo hivyo. Kantibhai ndiye aliyefikiri vyengine. Alikaa juu ya gunia la mchele, akajikuna kidevu. "Dada Rukia, sikiliza. Huyu bwana keshaona moja mpaka sita, keshaona nane. Kwa akili yake, kitu muhimu ni kile kilichofichwa. Ukinyamaza sasa, saba atakuwa mkubwa kila siku. Mwisho saba atakuwa bunduki. Mpelekee saba, amwone ni ndege." Maneno yale yaliniingia. Ruhusa ya mwanangu iko mezani kwa watu, na mtu ameandika kuwa pana pengo. Mimi nilikuwa nataka pengo lizibwe kabla hajapita tena.

Basi nikamwendea Bwana Alfred. Sikumweleza sababu, maana sikuwa nataka mambo ya nyumbani kwetu yazungumzwe kwenye meza ya kadi. Nikamwambia tu nataka mdiria. Akanitajia anachotaka: bundi yule aliyetolewa pipani na Peggy, korongo, na kipanga. Watatu kwa mmoja. "Lakini wasinuke." Nikamwambia nimpikie biriani badala yake. "Misisi Salim, biriani si ndege." Peggy akasema atatusaidia. Akawachukua wale watatu kwake, akawaweka juu ya kabati la jikoni, dirisha wazi, na unga wa magadi kwenye kisosi pembeni ili unyonye harufu. Akaja nao dobi kwa furaha, kanifungulia bahasha. Nikanusa. Nikarudi nyuma.

"Peggy, hawa wanuka nguruwe!"

"Wananuka asubuhi," akasema. Kila siku yeye alikuwa akikaanga vipande vya nyama ya nguruwe pale pale chini ya kabati. Mimi sikutaka hata kuwashika. Ilibidi yeye mwenyewe awachukue mpaka Tooting, na Savitaben ambaye maisha yake yote hajala nyama akatoka nje ya chumba akajifunika pua kwa sari. Bwana Alfred akawanusa mmoja mmoja. Uso wake ukalainika. "Sasa hizi," akasema, "ni kadi." Akavua glavu moja, akafungua pochi lake la ngozi, akanipa mdiria.

Kitabu changu nilikuwa nimekuja nacho. Kantibhai alikuwa ameshafungua kopo la gundi, Savitaben amerudi na chai, wote wanangoja nimbandike, maana kwangu mimi palibaki pahala pamoja tu. Anayetimiza seti alikuwa akikalishwa kwenye kiti cha Kantibhai karibu na hita na kuchagua chakula cha Jumapili ijayo. Nikafunga kitabu. Nikamtia mdiria kwenye kipochi changu na Jumatatu asubuhi, kabla ya zamu, nikamtia kwenye barua, nikaandika salamu, nikaandika na baridi ijapokuwa jua lilikuwa linawaka, nikatia posta.

Jumapili iliyofuata Bwana Alfred aliuliza kwa nini pahala pa saba patupu. Nikamwambia nimempeleka Zanzibar. Akasimama. "Kwa posta? Ndani ya bahasha ya kawaida? Bila ya kadibodi?" Alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Atafika amekunjika! Kama hakunyeshewa!" Nikamwambia, "Bwana Alfred, hata akifika nusu." Akataka kuendelea, na Savitaben, ambaye sijapata kumsikia akipandisha sauti, akamwambia, "Kaa kitako, Alfred." Kisha akamwambia yote, kwa Kiingereza kizuri kuliko changu, mtoto, bwana wa ofisi, namba moja mpaka sita, nane. Bwana Alfred alisikiliza huku amezishika glavu zake. Alipitia kadi za Peggy, ninayo, ninayo, sina, akaenda zake mapema. Wiki ya pili alikuja na bahasha kubwa. Ndani yake alikuwa amekata vipande vya kadibodi, vingi, sawasawa na ukubwa wa barua, pembe zote zimechongwa. "Kwa wale wengine," akasema. Nilipotaka kumpa kitu akainua mkono. Ndiyo mara ya pekee niliyomwona akitoa bila ya kupokea, na alionekana kama mtu aliyesahau kuvaa kiatu.

Majira ya joto yakapita hivyo. Barua hazikuja. Nilikwenda dobi, nilikunja mashuka, nilirudi. Jumapili nilikwenda Tooting, lakini kadi sikuzitazama sana. Nilikuwa nakwenda kwa ajili ya kukaa na watu wasioniuliza. Savitaben alikuwa akinipa dengu za kuchambua, maana aliona mikono yangu inatafuta kazi. Majani yalipoanza kudondoka ikaja simu ya upepo kupitia Dar es Salaam, Salim akaisoma mlangoni na koti mwilini. Maimuna amepewa karatasi. Anakuja na jamaa mmoja wa Salim.

Uwanja wa ndege nilivaa koti langu jipya. Hapo ndipo nilipokosea, na nimelifikiri kosa lile miaka mingi. Mtoto alitoka ameshikwa mkono, miguu myembamba, soksi za mtu mwengine. Akaambiwa, "Yule mama yako." Akaja mpaka mbele yangu, akasimama, akaniegemezea uso kwenye koti. Nikafikiri ananikumbatia. Kumbe ananusa. Koti lilikuwa linanuka duka na sabuni ya dobi na mafuta ya taa. Akarudi nyuma hatua, akamshika yule jamaa mkono. Njia nzima kwenye treni alikaa naye, na mimi nikakaa mbele yao na Salim, nikitazama magoti yake. Ile khofu yangu ya pili ilikuwa imekaa kwenye kiti mbele yangu.

Nyumbani nilimpa chai na mkate wa mayai. Alikula kwa adabu, kama mgeni. Akaniamkia "shikamoo bibi," nikasema marahaba, kwani nitasema nini? Salim akatoka kumsindikiza jamaa. Tukabaki wawili. Sikujua la kufanya, nikafungua sanduku, nikatoa bati la biskuti, nikamwekea mapajani. Akalifungua. Harufu ikatoka kabla ya kadi. Akainamisha uso ndani ya bati, akakaa hivyo hivyo muda. Alipoinua kichwa akasema, "Ndiyo wewe." Kisha akasema, "Barua zote zilikuwa hivi. Bibi alikuwa akinipa nizinuse kabla hazijasomwa."

Sikulia mbele yake. Nikamwambia haya lete zako tuzitazame. Akatoa kwenye mkoba wake wa kitambaa bahasha ya kahawia, akazipanga juu ya kitanda kwa namba zao, upesi, kama mtu aliyekwishafanya hivyo mbele ya watu. Moja, mbili, mpaka sita. Kisha nane.

"Maimuna. Wa saba yuko wapi? Hakufika?"

"Alifika."

"Yule bwana alikuja tena?"

"Alikuja. Nikamwonyesha. Akamgeuza, akamtazama nyuma, akasema, 'Haya, wametimia.' Akamkunja kidogo pembeni."

"Sasa yuko wapi?"

Akatazama kadi zake. "Nimebadilishana na Zuhura wa jirani. Kanipa vitumbua viwili."

"Vitumbua viwili! Mdiria!"

"Zuhura alikuwa akimlilia tokea zamani," akasema. "Na mimi nilikuwa nishapata karatasi. Nilikuwa nakuja kwako, mama. Kadi ya nini tena?"

Hiyo "mama" aliisema bila ya kuiangalia, kama mtu anayepita mlango wa kwao. Nikaanza kucheka, naye akacheka kwa kuwa nacheka, na Salim aliporudi alitukuta tumejilaza juu ya ndege, wengine wamekunjika. Jumapili nilimpeleka Tooting. Peggy akambeba, Savitaben akamtilia chevda kwenye mfuko. Bwana Alfred alipoambiwa habari za mdiria alifunga macho. Kisha akamuuliza Kantibhai amuulize mtoto, hivyo vitumbua ni vikubwa kiasi gani. Maimuna akamwonyesha kwa mikono. Bwana Alfred akafikiri, akasema, "Angepata vinne."

Kama ruhusa ilipatikana kwa sababu ya mdiria au ingepatikana vyovyote, sijui mpaka leo, na waliokuwa wakijua wamekwenda na yao. Siku ile ya maboksi Nilesh alinitilia mkononi mdiria yule aliyeokotwa na Layla, wa baba yake, aliyekuwa ameshambandua kitabuni kwa mvuke wa birika, akasema chukua, auntie, utimize kitabu chako. Nimempokea, na sahani niliyomrudishia Savitaben ilikuwa na vileja. Lakini mdiria huyo nimempa Layla. Pahala pa saba kwenye kitabu changu pana mwenyewe, na mwenyewe yuko Unguja.

Sasa lipo moja. Mimi nimeandika vitumbua viwili, kwani ndivyo nilivyosikia kwa masikio yangu juu ya kitanda changu. Lakini siku ile ya maboksi Maimuna alisema mbele ya watu wote kuwa si vitumbua, zilikuwa kashata, na kuwa mimi ndiye niliyegeuza. Peggy yuko upande wangu, ila Peggy hajui tofauti ya kitumbua na kashata. Savitaben anasema kilikuwa kitumbua kimoja. Basi Zuhura, binti wa Bi Tatu fundi cherehani, uliyekuwa ukikaa nyumba ya pili kutoka kwa mama yangu, kama u hai na haya yakikufikia, nitumie salamu uniambie ulimpa nini mwanangu. Na kama ndege yule unaye bado, usimbandike popote. Mtie udi tu.